Karakana ya baba mkubwa: shajara ya kutambua na kuthamini vyombo vya uhunzi

Jumamosi, 11 Januari

Arobaini ya baba mkubwa imepita, na leo ndugu wamenikabidhi ufunguo wa banda. Hoja yao ni kwamba mimi nachomelea mageti Tanga mjini, basi "chuma nakijua". Wameshaongea na mnunuzi wa chakavu: shilingi 800 kwa kilo, anakuja na gari lake, anabeba vyote, haulizi kitu. Nimeomba miezi miwili nivitambue kwanza. Nimepewa wiki sita.

Banda liko nyuma ya nyumba, hapa Muheza. Bati zimeoza, kuku wametaga ndani ya tairi. Baba mkubwa alikuwa fundi wa karakana kwenye shamba la mkonge tangu ujana wake hadi shamba lilipokufa. Hadithi ya nyumbani inasema mafao yake hayakuja yote, sehemu alilipwa kwa vyombo. Kabla yake babu alikuwa mhunzi huko Ugweno, Upare, ukoo wa Washana, na vitu vya babu navyo vimo humu humu. Kwa hiyo nina malundo mawili yaliyochanganyika, kutu ni moja.

Hesabu ya haraka: jiliwa la mguu 1 (chombo cha kubania chuma kikifanyiwa kazi), nyundo 9, koleo 11, tindo na patasi ndoo nzima, tupa zilizokwisha meno 14, feni ya mkono ya kupulizia makaa, kipande cha reli, na chini ya magunia ya mkaa kuna zigo ambalo peke yangu sikuweza hata kulitikisa.

Kosa la siku: nilianza na grenda. Nilifunga brashi ya waya nikasafisha jiliwa mpaka liking'ae, maana ndivyo ninavyofanya kwa geti kabla ya rangi. Nilipozima ndipo nikaona kwenye kasha la skrubu palikuwa na maandishi yaliyogongwa, nami nimeyala. Zimebaki herufi tatu: G, H, T. Nimekaa juu ya tairi la kuku kama dakika kumi hivi nikijilaumu.

Jumapili, 12 Januari

Hakuna grenda tena. Mafuta ya taa, brashi ya mkono, kitambaa, na subira. Ukishapata mahali unapohisi pana herufi, sugua unga wa chaki kisha futa juu juu. Chaki inabaki kwenye mashimo. Halafu zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni, karibu igusane na chuma. Kivuli ndicho kinachosoma.

Jiliwa lenyewe ni zima kuliko nilivyodhani. Mguu upo wote mpaka chini (wengi huukata ili likae juu ya meza), springi ipo, bamba la kufungia kwenye gogo lipo. Meno yana upana wa inchi tano. Nimefungua skrubu yote nikaipaka oili: nyuzi zake ni za mraba, kingo bado kali, haziko kama kisu. Hapo ndipo jiliwa linapofia. Nyuzi zikichongoka, taya linashika leo na kuachia kesho, na kutengeneza skrubu mpya kwa lezi (mashine ya kukereza chuma) ni gharama kuliko jiliwa lenyewe.

Jumamosi, 18 Januari

Nimekuja na binamu yangu na vijana wawili wa bodaboda. Tumeondoa magunia. Zigo ni fuawe. Mtaani tunasema "chuma cha kugongea", lakini hiki si chuma cha kugongea tu, ni fuawe hasa: pembe mbele, uso bapa, tundu la mraba na tundu dogo la duara kwenye mkia. Tumelivingirisha kwa mitaimbo mpaka mlangoni.

Binamu ndiye aliyeona tarakimu kwanza. Ubavuni, chini ya kutu, zimegongwa kwa kuachana: 1, halafu 2, halafu 10. "Mwaka 1210," akasema, na vijana wa bodaboda wakaanza kulitazama kwa heshima. Nilitaka kucheka nikajizuia, maana mimi wiki iliyopita nilikula jina zima kwa brashi.

Ni uzito, kwa hesabu ya Waingereza wa zamani. Tarakimu ya kwanza ni handredweiti, na moja ni ratili (paundi) 112, si mia. Ya pili ni robo za hiyo, kila robo ratili 28. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi: 112, na 28 mara mbili ni 56, na 10. Jumla ratili 178, ambazo ni kama kilo 80.7. Wazee wa pwani wangesema frasila tano, kila moja kama kilo 16, na wakaishia hapo. Jirani ana mizani ya kupimia magunia ya machungwa. Tumepima: kilo 80, mshale ukicheza kidogo kuelekea 79. Chuma kilichogongwa miaka mingi hupoteza kitu.

Kisha chaki na tochi. Ilinichukua saa nzima. Juu: PETER WRIGHT. Chini yake: PATENT. Chini tena, herufi zimepangwa kwenye duara: SOLID WROUGHT. Hawa walikuwa wafuaji wa Dudley, Uingereza, na mafuawe yao yalisambaa dunia nzima kwa meli. Neno ENGLAND halipo. Wakusanyaji huchukua kutokuwepo kwake kama dalili ya umri mkubwa zaidi, maana hayo maandishi yaliongezwa baadaye.

Hata jina lingefutika kabisa, umbo lingesema. Kwenye nyayo zake, mbele na nyuma, kuna kidaraja chembamba, kama ukingo wa ngazi. Ni alama ya mafuawe ya hawa. Na kiunoni, chini ya pembe na chini ya mkia, kuna matundu ya mraba yasiyopenya. Hayo si ya kazi ya mhunzi. Ni pale walipochomeka vyuma virefu vya kulishikia wakati fuawe lenyewe likifuliwa likiwa jekundu. Fuawe nalo lilipandishwa motoni na kupigwa nyundo kama jembe.

Nikarudi kwenye jiliwa. GHT. Wright walitengeneza majiliwa pia. Moyo wangu unajua, lakini kwenye orodha nimeandika: "jiliwa la mguu, inchi 5, jina limefutika". Siwezi kumwuzia mtu moyo wangu.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya gololi. Nimechukua gololi ya inchi moja kutoka beringi chakavu ya lori na rula ya mtoto. Unaiachia kutoka sentimita 25, unatazama inarudi hadi wapi. Uso wa chuma kigumu, ulioshikana vizuri na mwili wake, hurudisha gololi karibu yote. Uso laini huimeza.

Katikati ya uso: inarudi 18, mara nyingine 19. Kuelekea mkia: 17. Kwenye kona moja iliyobanduka, mahali ambapo mtu fulani aliyekuwa na haraka alikata chuma baridi: 14. Nimezunguka uso wote, mistari mitano, nikitafuta mahali gololi inapokufa ghafla, kwa sababu fuawe la aina hii ni vipande viwili: mwili wa chuma laini chenye nyuzi, na bamba la chuma kigumu lililounganishwa juu kwa moto. Unganisho likiachia, juu huoni kitu. Gololi ndiyo inayolalamika. Hakuna mahali palipokufa.

Na sauti: ukiligonga kwa nyundo ndogo linalia kama kengele ya shule. Watu hudhani fuawe lisilolia ni bovu. Si lazima. Fisher wa Marekani walitengeneza mwili wa chuma cha kalibu (kilichoyeyushwa na kumiminwa) na uso wa chuma kigumu, na hayo hayalii hata yakiwa mazima kabisa. Lakini Peter Wright lisipolia, ogopa ufa.

Jioni nilipita duka la vifaa mjini, pana fuawe jipya lililopakwa rangi ya buluu inayovutia. Nikamwomba muuzaji niijaribu gololi. Ilirudi sentimita 8. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni wa Wakala wa Vipimo.

Mafundi wenzangu, tafadhali: ukikuta fuawe lenye kona iliyobanduka, usilijaze kwa fimbo ya kuchomelea. Najua mkono unawasha, na wangu uliwasha. Joto lile linaua ugumu wa uso kuzunguka pale ulipochomelea, na kesho unakuwa na kona nzuri katikati ya uso laini.

Jumamosi, 1 Februari

Koleo 11: zote zimefuliwa kwa mkono, hakuna hata moja ya dukani. Tatu zina midomo iliyokunjwa kushika nondo, moja imepinda kushika kitu cha duara. Nyundo 9: tano za kiwandani, mipini ya baba mkubwa mwenyewe. Hazina bei ya kusema, lakini zina kazi.

Feni ya mkono: kwenye kasha kuna herufi zilizoinuka za ALLDAYS & ONIONS, BIRMINGHAM. Jina kubwa, makoloni yote yalijaa mashine zao. Lakini gia za ndani zimelika, na ukizungusha unasikia mchanga. Jina halipulizi makaa.

Kipande cha reli kimenipa wasiwasi kuliko vyote. Baba mkubwa alikigeuza juu chini, akakichonga upande mmoja kama pembe, akakitumia kunyooshea visu. Wasiwasi ni huu: reli ya njia ya treni si mali ya mtu. Kazi ya kujenga njia kutoka Tanga ilianza mwaka 1893, ikafika Muheza hapa 1896, na mpaka leo ukikutwa na chuma cha reli kwenye mzigo wa chakavu una maelezo marefu ya kutoa. Nikakipima. Kimo chake ni sentimita 7 tu. Reli ya treni ni ndefu zaidi ya hapo, kifundo chake hakienei kiganjani. Hii ni reli nyembamba ya vitoroli, ile iliyotandazwa ndani ya mashamba ya mkonge kubebea majani kwenda kwenye mashine. Nimeandika kimo chake kwenye orodha, nikakipiga picha na rula pembeni, nikakiweka mbali na lundo la kuuza. Mwenye hoja aje aulize, majibu yapo.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nilikuwa nimepanga kazi nyepesi: kugawa "vipande" visivyo na jina na kuvipeleka kwenye mizani. Nilikuwa na ndoo mbili. Shangazi alikuja na chai, nikamwamkia, akaketi kwenye kigoda akaanza kutazama ndani ya ndoo.

Akaingiza mkono akatoa kipande nilichokiandika kwa chaki "ekseli". Chuma cha duara, urefu kama wa chupa ya soda ya kioo, kinene upande mmoja, chembamba upande mwingine, kilo mbili na ushee. Alikifuta kwa pindo la khanga yake.

"Hii umeiandika nini?"

"Ekseli, shangazi. Kipande cha ekseli."

"Ekseli." Akakigeuza. "Hii ni nyundo ya baba yangu."

Nikasema haina tundu la mpini. Hakunijibu. Alikishika pale penye wembamba, kiganja kikafunga, akagonga hewa mara tatu, na ghafla kile kitu kilikuwa nyundo, haiwezekani kuwa kitu kingine. Pale penye wembamba pameng'aa na kuingia ndani kidogo, kwa upana wa mkono. Mimi nilidhani imelika kwenye beringi.

Nikataka kuigusisha kwenye grenda, sekunde moja tu, nione cheche. Cheche husema mengi: chuma kigumu hutoa nyota nyingi zinazopasuka, chuma laini cha zamani hutoa mistari mirefu isiyo na nyota, chuma cha kalibu hutoa cheche fupi nyekundu. Shangazi akaipakata. "Hii haichezewi. Mtu akiivuka kwa mguu, nyumbani kwetu alikuwa anatozwa mbuzi."

Basi nikalaza tochi. Haikuhitaji grenda. Kutu ilikuwa imekula kwa mistari, kwa urefu, nyuzi juu ya nyuzi, kama singa za mkonge zilizoanikwa. Chuma cha viwanda vya leo hakiozi hivyo, huota vipele. Hiki ni chuma kilichoyeyushwa kwa mkaa na kufuliwa mara nyingi mpaka takataka zikavutika kuwa nyuzi. Upareni walikusanya mchanga mweusi wa mitoni wakauyeyusha kwenye tanuri ndogo, na majembe yaliyotoka humo yalitolewa mahari na kuuzwa mpaka Uchagani. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameandika kwamba hao Washana, wahunzi, ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Nikaenda nikatazama kiuno cha Peter Wright, pale ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Nyuzi zile zile.

Shangazi amemaliza ndoo zote mbili. Kigae chenye tundu, ambacho nilikiona ni kipande cha bomba la choo, ni kewa, mdomo wa udongo unaopitisha pumzi ya mvukuto kwenye makaa. Ngozi mbili zilizokauka kama nyama ya kuanika ni viriba vya mivukuto, kimoja mkono wa kulia, kimoja wa kushoto, unakandamiza kwa zamu ili moto usikose pumzi. Na lile jiwe jeusi mlangoni, ambalo kwa wiki nne nimekuwa nalizuilia mlango, lina uso laini kama sahani upande wa chini. Ni fuawe la babu.

Ndoo ya tatu nilikuwa nimeshaiuza Jumatano. Elfu kumi na nne. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Februari

Bei. Hapa ndipo kichwa kiliuma.

Fuawe lina bei tatu. Kwa mnunuzi wa chakavu ni kilo 80 mara 800, yaani 64,000. Wamarekani huuziana mafuawe kwa ratili, na kwa lenye jina, uso mzima na mlio, dola 5 kwa ratili si ajabu. Ratili 178 ni dola 890, zaidi ya shilingi milioni mbili. Binamu alipoona hesabu hiyo hakulala. Lakini mnunuzi huyo yuko ng'ambo ya bahari, na hakuna atakayelipa nauli ya kilo 80 wakati majirani zake wanayo. Bei ya Marekani ni ya fuawe lililoko Marekani.

Bei ya tatu ni ya mtu wa hapa anayeishi kwa kugonga. Nimemleta kijana anayefua visu na mundu kwa springi za magari karibu na stendi. Yeye sasa anagongea juu ya kichwa cha injini. Sikumwambia jina wala umri wa fuawe. Nilimpa nyundo na kipande cha springi kilichopashwa moto. Alipiga mara nne, akasimama, akatazama uso wa fuawe, akapiga tena polepole. "Linanirudishia nyundo," akasema. Ametaja laki tatu na nusu, nusu sasa na nusu kwa miezi mitatu. Jiliwa laki na ishirini. Lingekuwa na jina pengine ningepata nguvu ya kuomba zaidi, ila lawama hiyo ni yangu.

Vya babu sijavipangia bei. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kutoa vitu vya asili nje ya nchi kunahitaji kibali; nimewasomea ndugu hilo mapema, kabla hajatokea mtu wa kununua "sanaa" kwa watalii. Umri wa nyundo ya babu sijaupima. Lakini baba yake babu naye alikuwa mhunzi, na nyundo ya mhunzi hufuliwa mara moja.

Jumamosi, 22 Februari

Kikao cha ndugu, saa nne asubuhi, chini ya mwembe. Nilibandika orodha kwenye ubao, kila kitu na picha, uzito, hali na bei. Mabishano yalikuwa ya saa mbili, zaidi juu ya milioni mbili za Marekani. Mwishowe baba mdogo akauliza nani atalibeba mpaka bandarini, kimya kikapita, ikawa imeisha.

Fuawe na jiliwa vinaenda kwa kijana wa visu. Koleo zote, pamoja na zile nyundo za kiwandani, kapewa bure juu yake. Feni na tupa zilizokwisha ndizo peke yake zilizoenda kwa mnunuzi wa chakavu. Ingawa baadaye kijana alinikaripia kuhusu tupa, eti tupa iliyokwisha ni kisu kizuri ambacho hakijafuliwa. Tumezirudisha saba kati ya 14.

Nyundo ya babu, kewa, viriba na jiwe vinabaki kwa shangazi. Viriba nimevipaka mafuta ya nazi kidogo, bila kuvikunjua, maana vikikunjuliwa vitapasuka. Na nyundo sikuipaka kitu. Alikataa.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeenda stendi kusaidia kusimika. Gogo ni la mwembe uliokatwa barabarani, limezikwa futi mbili ardhini. Kimo tumepima kwa mwili wa kijana mwenyewe: anasimama wima, mkono umeshuka, ngumi imefungwa, uso wa fuawe unagusa vifundo vya vidole. Tulilikata gogo mara mbili, ya kwanza lilikuwa refu kwa inchi moja na nusu. Tumelifunga kwa mnyororo na misumari ya pembe.

Nilimwachia gololi. Ameshaijaribu kwenye kila chuma kilichopo stendi, pamoja na bampa la basi la Lushoto, na konda amemfukuza.

Ile ndoo ya elfu kumi na nne nimeifuata kwa mnunuzi. Ilishapakiwa kwenda Dar es Salaam.